Nani Huyu Juu ya Mti?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wanafunzi wa uuguzi na wazee wetu hapa Lindi. Walioshindwa kufika kwa sababu ya mvua wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Wanangu wa uuguzi, hamjambo? Hamjambo tena?

Nimefanya kazi ya ukunga Muscat miaka 11, na nikiitwa mahali kuzungumza, watu hutaka habari za mikataba na mishahara. Hayo tutayazungumza baadaye tukinywa chai, na kila atakayeuliza nitamjibu. Leo nimeomba nizungumze juu ya kitu nilichokipata kule bila kukitafuta: mizimu, wanga na madubwana ya watu wa Ufilipino. Naona nyuso zingine zimebadilika. Mkunga mstaafu anatuletea habari za wanga? Naam, nawaletea. Sikuja kumwambia mtu aamini wala akanushe, kila mmoja hapa ana dini yake. Nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka mlizoee. Mkisikia habari za dubwana, popote pale, ulizeni: nani huyu?

Nianze na sufuria.

Hosteli yetu ilikuwa na ua kwa nyuma, na uani palikuwa na mkunazi mmoja. Chumba cha jirani yangu alikaa muuguzi Mfilipino aliyenizidi umri. Sote tulimwita Ate, maana yake dada mkubwa kwa Kitagalogi, lugha yao kubwa. Ate alikuwa mtu wa kanisa hasa, rozari haimtoki mfukoni. Usiku mmoja tumetoka zamu, amechemsha tambi, anataka kumwaga maji ya moto chini ya ule mkunazi. Akasimama. Akainamisha mgongo kidogo, vile unavyoinama ukipita mbele ya wazee waliokaa barazani, akasema taratibu, "Tabi-tabi po." Akangoja kama pumzi mbili. Ndipo akamwaga.

Nikamuuliza, "Ate, unasema na nani?"

Akanijibu, "Siwajui. Ndiyo maana nawaomba ruhusa."

Tabi ni kando, pembeni. Tabi-tabi ni kama kusema jamani nipisheni, sogeeni kidogo nisije nikawaumiza. Na hilo po? Po ni kineno cha heshima, kinapachikwa kwenye maneno yako ukizungumza na mkubwa wako. Mtoto wa Kitagalogi asiyesema po ni sawasawa na mtoto wa hapa kumpita mzee bila shikamoo. Kwa hiyo Ate alikuwa anamwamkia mtu. Alikuwa Oman, maelfu ya kilomita kutoka kwao, chini ya mti wa nchi ya watu, na bado alihisi ardhi hii lazima ina wenyewe.

Kwao mwenyewe anajulikana. Anaitwa nuno sa punso. Punso ni kichuguu. Nuno ni babu, mkubwa wa ukoo, na hata wahenga waliotangulia Kitagalogi kinawaita ninuno. Ni kizee kifupi, ndevu ndefu, makazi yake ndani ya kichuguu. Ukikipiga teke kile kichuguu, ukikikojolea, ukikimwagia maji ya moto bila kuaga, mguu unavimba, tumbo linakataa, homa haishuki kwa dawa. Hapo familia inamwita mganga wa kienyeji. Anadondosha nta ya mshumaa kwenye beseni la maji, nta inaganda, naye anaisoma umbo lake: ni nani aliyekosewa, na wapi. Kisha mgonjwa anarudishwa pale pale alipokosea, aombe radhi.

Huko kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Wailokano nao wana lao, wanasema "bari-bari". Lugha nyingine, adabu ileile. Na msidhani ni mambo yaliyozuka juzi. Katika karne ya 18 padri wa Kihispania, Tomás Ortiz, aliwaandikia mapadri wenzake akilalamika kwamba waumini wake hawachumi ua wala tunda, hawakatizi shamba wala mto, bila kwanza kumwomba ruhusa nuno. Yeye aliona ni ukafiri. Hilo neno, ndugu zangu, likumbukeni, tutalirudia.

Sasa nani huyu? Nani huyu babu wa kichuguuni? Mimi naona jibu liko ndani ya jina lake. Ni babu. Ni yule aliyelima hapa kabla yako, akafia hapa, akazikwa hapa. Ukimuaga kabla ya kumwaga maji, unakiri kwamba hukufika wa kwanza. Sisi wenyewe tulifundishwa kupiga hodi tukipita penye mbuyu mkubwa. Wangapi hapa bado wanapiga? Nyoosheni mikono. Haya, naona wazee watano na kijana mmoja. Mungu akuweke, mwanangu.

Kwao Ate ni mkoa wa Laguna, chini ya mlima Makiling. Ukiutazama mlima ule kwa mbali ni mwanamke amelala chali: paji la uso, kifua, magoti. Watu wa pale wanasema ndiye Maria Makiling mwenyewe, mlinzi wa mlima, diwata. Neno diwata lilisafiri kutoka lugha za Bara Hindi, ambako devata ni mungu. Maria alikuwa na desturi moja iliyonigusa. Maskini mwenye harusi au sherehe, asiye na nguo ya kuvaa wala kidani, alikwenda mlimani kumwomba, naye akamwazima. Sharti lake: virudishe, na uniletee kuku mmoja mweupe. Hadithi hii iliandikwa mwaka 1890 na José Rizal, mzaliwa wa Calamba, mji ulioko chini ya mlima uleule, daktari wa macho na mwandishi ambaye Wahispania walimpiga risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, na leo ndiye shujaa wa taifa. Wazee wanasimulia kwamba Maria ameacha kuonekana kwa sababu watu waliazima hawakurudisha. Basi. Hakuna vita, hakuna laana. Aliazimwa vitu vyake, havikurudi, akafunga mlango.

Yupo na tikbalang, huyu nimpitie haraka maana hapa vijana watacheka. Mwili wa mtu, kichwa na kwato za farasi, miguu mirefu kiasi kwamba akichuchumaa magoti yanapita kichwa. Kazi yake kukupoteza njia porini: unatembea kwa muda wa saa tatu, unajikuta ulipoanzia. Dawa yake, vua shati, ligeuze ndani nje, vaa, endelea. Na mvua ikinyesha huku jua linawaka, Wafilipino wanasema tikbalang anaoa. Sisi tulikuwa tunaimba simba anazaa, wengine wanasema fisi. Watu hawajawahi kuonana, wakaitazama mvua ileile wakawaza sherehe ya mnyama. Sijui kwa nini, lakini hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mnaosomea ukunga.

Wahispania walianza kukaa visiwa vile mwaka 1565. Mwaka 1589 mtawa mmoja wa Kifransisko, Juan de Plasencia, aliandika juu ya desturi za Watagalogi. Ndani ya maandishi yake kuna sentensi chache ambazo nilipozisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Anasema watu wale waliamini kwamba mwanamke akifa kwa uzazi, yeye na mtoto wake wanapata adhabu, na usiku anasikika akiomboleza. Huyo, anasema, waliita patianak.

Patianak. Ndani yake mna anak, yaani mtoto. Wamalei wana jina la kufanana nalo, pontianak, wao ni pepo la mwanamke aliyekufa na ujauzito. Na ukivuka bahari yetu hii hapa mpaka Madagaska, mtoto anaitwa zanaka, kwa sababu wahenga wa Wamalagasi walikuja kwa ngalawa kutoka visiwa vya upande ule. Kwa hiyo neno lile lina ndugu zake karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Leo Wafilipino wanasema tiyanak, na kilio kimehama kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Unapita njia ya porini usiku, unasikia kichanga kinalia majanini. Unakiokota, unakikumbatia. Kikiwa kifuani mwako kinageuka, meno yanatoka.

Nani huyu?

Nilianza ukunga miaka ya themanini, katika wodi ambayo damu ya kuongeza ilikuwa haipo mara nyingi kuliko ilivyokuwepo. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Mtoto ametoka salama, umeshamfunga kitenge, unageuka kwa mama, unaona shuka imebadilika rangi. Unakanda tumbo la uzazi, unaita daktari, unakanda, mikono inakufa ganzi, na yule mama anakutazama mpaka macho yanapoacha kukutazama. Dakika chache. Hivyo tu. Anayeshuhudia hayo kijijini mwaka 1589, ataenda nayo wapi? Ataiweka wapi sauti ile? Wakaiita patianak, wakasema analia usiku. Na kweli analia. Mimi nimemsikia.

Padri yule Ortiz ameandika pia namna waume walivyopigana naye. Mke akishikwa na uchungu, mume alivua nguo zote, akapanda juu ya paa la nyumba na upanga mkononi, akawa anaukatakata hewani ili patianak asisogee. Padri aliona ushirikina mchafu. Mimi naona mwanamume aliye uchi juu ya paa, hana dawa, hana daktari, hana kitu isipokuwa upanga na kelele za mkewe chini yake. Wangapi kati ya wababa mlio hapa mngepanda?

Ate alinieleza haya usiku mwingine, tumekaa chumba cha kupumzikia wauguzi, nje paka analia. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanywi. Akaniambia mama yake alifia kwenye uzazi yeye akiwa na miaka sita. Majirani wakamwonya, usiku ukisikia mtu analia, usitoke nje, si mtu yule. Akaniambia, "Wenzangu walikuwa wanajificha chini ya blanketi. Mimi nilikuwa nanyata mpaka mlangoni. Nilitaka kutoka. Kama ni yeye, nimwone."

Sikuwa na neno la kumpa. Nilimbadilishia chai, ya kwanza ilikuwa imeshapoa.

Sasa twende kwa yule maarufu kuliko wote. Aswang. Huyu ndiye mwanga wao. Mchana ni jirani yako, anakusalimia, anauza mboga. Usiku anakuwa mbwa, nguruwe, ndege. Anapenda ini la binadamu, na zaidi ya ini anapenda kiumbe kilichomo tumboni mwa mama mjamzito. Aina yake moja ni manananggal, jina linalotokana na tanggal, kubandua: ni mwanamke anayejibandua kiunoni, nusu ya juu inaota mabawa kama ya popo na kuruka, nusu ya chini inabaki imesimama gizani. Anatua juu ya paa la makuti, anashusha ulimi mwembamba kama uzi mpaka kitovuni mwa mjamzito aliyelala. Ukitaka kumuua, itafute ile nusu ya chini, uipake chumvi, majivu au kitunguu saumu, asiweze kujiunga kabla jua halijatoka. Silaha nyingine inayomtisha ni mjeledi wa mkia wa taa, yule samaki. Watu wa pwani mnaujua mkia wa taa, hamhitaji kuelezwa unavyouma.

Na anapokuja ana sauti, tik-tik-tik, au wak-wak. Ikisikika kwa nguvu, yuko mbali. Ikififia, yuko juu ya paa lako. Wanangu, hilo nimelifikiria sana. Kuna watu walioigundua hofu mpaka undani wake wakajua kwamba inayokuua ndiyo ile ambayo sauti yake imeanza kupungua.

Yule Plasencia naye alimtaja aswang, akasema yuko visiwa vya Visayas. Lakini tazameni alivyomtaja. Aliandika orodha ya aliowaita makuhani wa shetani, aina 12. Ndani yake yumo aswang anayekula watu, wamo warogaji, na wa kwanza kabisa kwenye orodha ni katalonan. Katalonan ni nani? Ni kuhani wa Watagalogi, anayesema na mizimu, na mara nyingi alikuwa mwanamke. Visayas walimwita babaylan. Ndiye waliyemwendea mtu akiugua, ndiye aliyeongoza matambiko. Mganga na mla watu wakawekwa kwenye karatasi moja, chini ya kichwa kimoja cha habari. Kuanzia hapo mwanamke mwenye ujuzi wa dawa na uzazi alitembea karibu sana na jina baya. Mimi ni mkunga. Ningezaliwa kule wakati ule, ningekuwemo kwenye orodha ile.

Mkoa uliobeba jina hili mpaka leo ni Capiz, kisiwa cha Panay. Ukimwambia Mfilipino unatoka Capiz, anakuuliza kwa kicheko kama wewe ni aswang. Wodini kwetu alikuwepo dada mmoja kijana wa Capiz, na kwa miaka miwili alituambia anatoka Iloilo, mkoa wa jirani. Siku alipoonyesha pasipoti yake kwa shughuli fulani, mwenzake akaona, akapiga kelele za mzaha, "Jamani, wajawazito wafunikeni!" Wote wakacheka. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alicheka pia, lakini shingo yake ilikuwa imejaa vipele vya jasho na kiyoyozi kinafanya kazi.

Baadaye aliniambia habari ya mjomba wake. Alikuwa dereva, mtu mzima wa miaka kama 40, hana tatizo. Ikaanza shingo kujipinda yenyewe. Kisha taya. Kisha ulimi ukawa unatoka bila yeye kutaka, mate yanamwagika, mgongo unajikunja, anatembea akiburuta miguu. Watoto wakamkimbia. Watu wazima wakafunga madirisha.

Wanangu, huo ni ugonjwa. Unarithiwa kupitia kromosomu ya X, kwa hiyo mara nyingi mama anaubeba na mtoto wa kiume ndiye anayeugua, na chimbuko lake ni kisiwa hichohicho cha Panay, Capiz ikiwa na wagonjwa wengi kuliko mahali pengine. Unashika misuli, unaifanya ijikaze na kujipinda, na miaka inavyosonga mwili unakuwa mzito kama wa mgonjwa wa Parkinson. Wenyeji wanauita lubag, kujipinda, na wengine sud-sud, ambayo ni sauti ya ndala zinazoburutwa sakafuni. Daktari Mfilipino Lillian Lee na wenzake waliuandika kitaalamu mwaka 1976. Wapo wanaosema sifa ya Capiz kuwa nchi ya aswang ilikuzwa na miili hii iliyokuwa ikijipinda. Masimulizi ya aswang yameenea mbali kuliko ugonjwa, kwa hiyo mimi sisemi yote yalitoka hapo. Nasema tu kwamba katika nyumba ile moja, dirisha lile moja lililofungwa, aliyekuwa nje alikuwa mjomba wa mtu, anatafuta namna ya kumeza mate yake.

Nani huyu? Ni mgonjwa.

Na msiwanyooshee kidole Wafilipino. Ni nchi gani imeua vikongwe kwa kuwa macho yao ni mekundu? Macho yaliyopikia familia kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe miaka 50? Tunaijua nchi hiyo. Tunaishi ndani yake.

Hofu ikishakuwa na jina, yeyote mwenye nguvu anaweza kuikodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Luzon walikuwa wameshika silaha, wakiitwa Huk, watu waliokuwa wamepigana na Wajapani na sasa wanadai haki kwenye ardhi. Afisa wa Marekani, Edward Lansdale, alikuwa akilisaidia jeshi la serikali ya Ufilipino. Ameyaeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1972. Kikosi chao kilieneza uvumi kwamba kilima fulani kina aswang. Wakangoja usiku uvumi upande. Kisha wakavizia doria ya Huk ikipita njiani, wakamkamata kimyakimya mtu wa mwisho kwenye mstari. Wakamtoboa shingoni matundu mawili, wakamning'iniza miguu juu, wakaacha damu imwishe, wakamrudisha njiani. Wenzake waliporudi kumtafuta na kumkuta, wakahama kilima.

Mtu huyo hana jina kwenye kitabu. Nimetafuta. Ni "mtu wa mwisho kwenye mstari". Huko nyumbani kwake huenda mpaka leo wanasimulia kwamba aliuawa na aswang.

Ndugu zangu, nimebakiza mmoja. Huyu nimemweka mwisho kwa sababu ni wetu.

Mwaka 2014 nilipata likizo, Ate akanichukua kwao. Tulishuka Manila, tukapanda basi, kisha jipni, gari lao lile refu lililorembwa kama kanga, mpaka chini ya Makiling. Jua linazama. Nyumba ya ndugu zake ina uwanja, na uwanjani mwembe mkubwa, mzee, shina lake watu watatu hawalizungushi mikono. Nimeshuka, nimenyoosha mgongo, nimesimama chini ya ule mwembe na baibui langu jeusi. Mtoto wa kiume wa miaka kama minne akatoka mbio kuja kumlaki Ate, akaniona. Akasimama kama aliyegonga ukuta. Akanyoosha kidole, akapiga ukelele mmoja tu:

"Kapre!"

Akakimbilia ndani. Uwanja mzima ukanyamaza. Bibi mwenye nyumba, wao wanasema Lola, akashika mdomo. Ate akawa hajui pa kutazama.

Kapre ni dubwana la juu ya mti. Anakaa mwembeni, au kwenye balete, mti wa jamii ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia. Ni mrefu kuliko nyumba, ana manyoya, ni mweusi. Ukiona kaa jekundu linawaka juu ya mti usiku, ni yeye anavuta tumbaku. Kapre hali watu. Anakaa tu. Anatazama. Wakati mwingine anampenda mwanamke wa nyumba ile, na akimpenda anamfuata maisha yake yote, akihama anahama naye.

Nani huyu?

Wazee wangu, tamkeni neno lile polepole. Kapre. Kitagalogi cha asili hakina sauti ya f, kikikutana nayo huigeuza p. Irudisheni f mahali pake: kafre. Wahispania walisema cafre. Walilipata kwa Wareno. Wareno walilipata kwenye pwani hii, kutoka kwa Waarabu na kwa babu zetu wa mijini, ambao walikuwa wakiwaita watu wa bara wasio Waislamu makafiri. Kafiri, cafre, kapre. Neno lilelile ambalo Makaburu waliligeuza tusi Afrika Kusini. Neno letu. Lilitoka mdomoni mwetu, likapanda jahazi, likashuka Manila, na usiku ule likanirudia kwa kinywa cha mtoto wa miaka minne.

Na halikusafiri peke yake. Antonio de Morga alikuwa afisa mkubwa wa Hispania huko Manila, na mwaka 1609 alichapisha kitabu juu ya visiwa vile. Anaeleza merikebu za Wareno zilizofika kila mwaka kwa pepo za msimu kutoka Maluku, Malacca na Bara Hindi, na anaorodhesha shehena: karafuu, mdalasini, pilipili manga, na watumwa, weusi na makafre. Hapohapo, katikati ya viungo na nguo za pamba. José Rizal, yuleyule wa Maria Makiling, alikichapa upya kitabu hicho mwaka 1890 na kukiandikia maelezo yake.

Waliuzwa kutoka wapi? Wareno walikuwa na ngome Kisiwa cha Msumbiji tangu karne ya 16. Kutoka pale kwenda Goa, Bara Hindi, kutoka Goa kwenda Malacca, kutoka Malacca kwenda Manila. Na nyuma ya Kisiwa cha Msumbiji ni nchi ya nani? Ni nchi ya Wamakua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakua, nyanya zake walivuka Ruvuma. Wangapi hapa wana bibi Mmakua? Msinyooshe mikono, nawajua.

Sasa mtafakarini mtu huyu. Amechukuliwa kijana, amevuka bahari mbili, amenunuliwa sokoni Manila. Mrefu kuliko watu wa pale, mweusi kuliko watu wa pale, hajui lugha. Jioni, kazi imekwisha, anapata nafasi ya kukaa peke yake chini ya mti na kuvuta tumbaku kidogo. Wanaopita wanaona kaa jekundu gizani, na nyuma ya lile kaa wanakisia umbo. Yeye hasemi. Angesema na nani? Sina waraka unaosema hivyo ndivyo kapre alivyozaliwa, na huenda watu wa pale walikuwa na dubwana lao la mitini kabla ya meli yoyote ya Kireno. Lakini jina ni lake. Jina walimpa yeye.

Nilimweleza Lola hayo usiku uleule, Ate akitafsiri. Nilimweleza neno lilikotoka, Morga, Msumbiji, bibi yangu. Alisikiliza bila kunikatiza, anamenya vitunguu, macho yanamtoka machozi ambayo sikujua ni ya vitunguu au la. Nilipomaliza akauliza swali moja, Ate akalitafsiri kwa sauti ya chini: "Anauliza, kwenu mwanamume mzee mnamwamkiaje?"

Nikamwambia.

Alikuwa na miaka zaidi ya 80. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye khanga niliyomletea zawadi, akatoka nje bila viatu, nasi nyuma yake, na yule mtoto amening'inia sketi ya Ate. Giza limeshaingia. Akafika kwenye shina la mwembe, akaweka kiganja. Akasema kwanza la kwao, "Tabi-tabi po." Kisha akainua uso kuelekea matawini, na kwa matamshi yake, akikosea kidogo mwishoni, akasema, "Shikamoo, babu."

Tulisimama pale tukingoja. Mimi ndiye niliyeitikia marahaba, kwa kuwa yeye hakuwa na wa kumwitikia.